Sumaku na Ukinzani wa Umeme: Somo la Kutafuta Sababu ya Kweli

Utangulizi

Katika masomo ya sayansi ya shule za msingi, sumaku na umeme ni mada mbili ambazo aghalabu hufundishwa mbalimbali. Juma moja watoto huokota misumari kwa sumaku. Juma jingine huunganisha waya, betri na balbu. Mtoto mdadisi hakosi kuuliza swali linaloziunganisha mada hizo: "Mwalimu, tukiisogeza sumaku kwenye waya, umeme utapita vizuri zaidi au utazuiwa?" Swali hili ni fupi, lakini limewashughulisha wataalamu tangu karne ya 19, na mpaka leo lingali likichunguzwa katika maabara kubwa za dunia.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, kumpa mwanachuo maarifa ya kumtosha kuhusu jinsi sumaku inavyoweza kubadili ukinzani wa umeme, hasa katika tando nyembamba za metali zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Pili, kuonyesha namna ya kuliendesha somo hilo darasani kwa vifaa vya kawaida bila ya kumdanganya mtoto. Hili la pili ndilo zito zaidi. Mwalimu anayesogeza sumaku kwenye waya, akaona balbu imefifia, kisha akatangaza kwamba sumaku ndiyo sababu, huenda amefundisha jambo lisilo kweli. Zaidi ya hapo amefundisha njia mbovu ya kufikiri, na mtoto ataichukua njia hiyo hata katika mambo ya mbegu, ya dawa na ya maradhi.

SEHEMU YA KWANZA: MAARIFA YA MWALIMU

1. Ukinzani ni nini

Mkondo wa umeme katika waya ni mwendo wa chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Katika mwendo huo elektroni hukwama na kupotoshwa njia na mitetemo ya atomu za metali na kwa kasoro zilizomo katika mpangilio wa atomu hizo. Kizuizi hicho ndicho tunachokiita ukinzani. Waya mrefu una ukinzani mkubwa kuliko waya mfupi wa aina ile ile. Waya mwembamba una ukinzani mkubwa kuliko waya mnene. Metali ikipata joto, atomu zake hutetemeka zaidi na ukinzani wake huongezeka. Georg Ohm, mwalimu wa Kijerumani, aliieleza kanuni ya mkondo na ukinzani katika kitabu alichokitoa mwaka 1827.

Uhusiano wa umeme na sumaku ulidhihirika miaka michache kabla ya hapo. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark alionyesha kwamba sindano ya dira hugeuka inapokuwa karibu na waya wenye mkondo. Basi mkondo huigusa sumaku. Je, sumaku nayo huugusa mkondo? Mwaka 1857 William Thomson, aliyekuwa akifundisha Glasgow, Uskoti, na baadaye akajulikana kwa jina la Lord Kelvin, alitoa matokeo ya majaribio yake ya chuma na nikeli. Aliona kwamba metali hizo zikitiwa usumaku, ukinzani wake hubadilika: huongezeka kidogo mkondo unapofuata mwelekeo wa usumaku, na hupungua kidogo mkondo unapoukata mwelekeo huo. Badiliko hilo tutaliita ukinzani-sumaku. Katika chuma cha kawaida ni dogo sana, wala jicho haliwezi kuliona katika mwanga wa balbu. Jambo hili mwanachuo alikumbuke, maana ndilo msingi wa somo letu.

2. Vipitishi visivyo na ukinzani

Mwaka 1908 Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, alifaulu kuifanya gesi ya heli iwe kimiminiko, na hivyo akapata baridi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia kabla yake. Mwaka 1911 maabara yake ilipima ukinzani wa zebaki iliyogandishwa. Katika nyuzi 269 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi, ukinzani wa zebaki haukupungua kidogo kidogo tu kama ilivyotazamiwa, ulitoweka ghafla. Vitu vya namna hii huitwa supakondakta, yaani vipitishi visivyo na ukinzani wowote. Kila kimoja kina halijoto kikomo yake: juu ya hapo ni metali ya kawaida, chini ya hapo ukinzani haupo. Metali iitwayo niobi, kwa mfano, hufikia hali hiyo kwenye nyuzi 264 hivi chini ya sifuri.

Mwaka 1957 wataalamu watatu wa Marekani, John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer, walieleza sababu yake. Katika baridi hiyo elektroni hazisafiri moja moja, bali hufungamana jozi jozi, na jozi zote huenda kwa mwendo mmoja usiokwamishwa na vizuizi vya kawaida. Kila elektroni ni kama sumaku ndogo mno. Katika jozi za supakondakta za kawaida, sumaku za wenza hao wawili huelekea pande zilizo kinyume: moja ikielekea juu, nyingine huelekea chini.

3. Fahali wawili zizi moja

Sasa tuzitazame metali za kisumaku, yaani chuma, nikeli na kobalti. Ndani ya metali hizi nguvu ya asili huzilazimisha sumaku ndogo za elektroni nyingi zielekee upande mmoja. Mwanachuo ataona mara moja mgongano uliopo. Supakondakta hutaka wenza waelekee pande kinyume. Metali ya kisumaku hutaka wote waelekee upande mmoja. Fahali wawili hawakai zizi moja. Ndiyo maana ni nadra sana kuona kitu kimoja cha asili kikiwa na tabia zote mbili kwa wakati mmoja. Mtaalamu wa Urusi, Vitaly Ginzburg, aliueleza ugumu huo katika miaka ya 1950.

Lakini fahali wasiokaa zizi moja waweza kufungwa katika mazizi mawili yanayopakana. Wataalamu hutandaza utando mwembamba wa supakondakta, kisha juu yake utando wa metali ya kisumaku, na pengine mwingine tena. Unene wa tando hizi hupimwa kwa nanometa. Nanometa moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Karatasi ya daftari ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani nanometa laki moja. Basi tando zenye unene wa nanometa kumi zingepangwa elfu kumi ndipo zifikie unene wa karatasi moja. Kwenye mpaka wa tando mbili, jozi za elektroni huvuka kidogo na kuingia upande wa metali ya kisumaku. Ndani ya chuma au kobalti jozi hizo huvunjika baada ya kwenda nanometa chache tu.

4. Tabaka mbili za kisumaku: hesabu ndogo

Kabla ya kuendelea na supakondakta, yafaa tuelewe linalotokea katika tabaka za metali za kawaida. Mwaka 1988 makundi mawili, moja la Albert Fert huko Orsay, Ufaransa, na jingine la Peter Grünberg huko Jülich, Ujerumani, yaligundua kila moja peke yake jambo moja. Walipanga tabaka za chuma zikitenganishwa na tabaka za kromi. Tabaka za chuma zilipokuwa na usumaku unaoelekea pande kinyume, ukinzani ulikuwa mkubwa. Uga wa sumaku ulipozilazimisha zielekee upande mmoja, ukinzani ulishuka. Katika tabaka nyingi za kundi la Fert, kwenye baridi ya heli, ukinzani ulishuka hadi karibu nusu. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2007. Tangu mwaka 1997 ugunduzi huo ulitumika katika vichwa vya kusomea diski za kompyuta.

Sababu yake twaweza kuieleza kwa hesabu ya darasani. Tuseme elektroni ni za aina mbili, za juu na za chini, na kila aina ni njia yake ya mkondo. Elektroni ikipita katika tabaka ambalo usumaku wake unaelekea upande mmoja nayo, hukuta ukinzani wa omu 1; ikielekea kinyume, hukuta omu 5. Tabaka ni mbili. Tabaka zote zikielekea juu, njia ya elektroni za juu ina omu 1 na 1, jumla 2. Njia ya elektroni za chini ina omu 5 na 5, jumla 10. Njia mbili zilizo sambamba hutoa ukinzani wa 2 mara 10 kugawanywa kwa 12, yaani omu 1.7 hivi. Tabaka zikielekea pande kinyume, kila njia ina omu 1 na 5, jumla 6. Ukinzani wa pamoja ni 6 mara 6 kugawanywa kwa 12, yaani omu 3. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini zinaonyesha jambo la kweli: hakuna kilichoongezwa wala kuondolewa katika metali, umegeuzwa mwelekeo tu, na ukinzani umebadilika.

5. Supakondakta katikati ya tabaka mbili

Sasa tuweke utando wa supakondakta katikati ya tabaka mbili za kisumaku. Mwaka 1999 wataalamu wa nadharia walitabiri yafuatayo. Jozi ya elektroni si kitu kidogo kama nukta. Katika niobi safi umbali kati ya wenza waweza kufikia makumi ya nanometa. Utando ukiwa mwembamba kutosha, jozi moja huathiriwa na tabaka zote mbili kwa pamoja. Tabaka hizo zikielekea upande mmoja, nguvu zao hujumlishwa na jozi huvunjika kwa urahisi. Zikielekea pande kinyume, nguvu zao hupunguzana, na jozi hupata nafuu. Kwa hiyo halijoto kikomo inapaswa kuwa juu kidogo tabaka zinapoelekea pande kinyume.

Mwanachuo aone matokeo yake. Tukiiweka halijoto katikati ya vikomo hivyo viwili, kugeuza tabaka moja tu kutaufanya ukinzani utoke kwenye sifuri na kuwa ukinzani kamili, au urudi kwenye sifuri. Ni swichi inayofunguliwa na kufungwa kwa kugeuza sumaku. Na tuangalie vema kwamba mwelekeo umepinduka: katika tabaka za chuma na kromi, pande kinyume hutoa ukinzani mkubwa, hapa, kwa mujibu wa utabiri, pande kinyume hutoa ukinzani mdogo.

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walipima utando wa niobi uliowekwa kati ya tabaka mbili za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Tofauti ya vikomo ilionekana, na upande wake ulikuwa ule uliotabiriwa. Lakini ilikuwa ni elfu chache tu za digrii moja, ndogo mno kuweza kuondoa ukinzani wote. Mwaka 2010 watafiti wa Urusi na Ujerumani, wakitumia tabaka za chuma na metali iitwayo indi, walifaulu kupata swichi kamili, kutoka ukinzani wa kawaida hadi sifuri.

6. Mahali ambapo sababu ni ngumu kupatikana

Ingekuwa hadithi imekwisha hapo, isingekuwa na funzo kubwa kwa mwalimu. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Madrid, Hispania, waliotumia tabaka za keramiki badala ya metali za kawaida, walipata jambo lililo kinyume: ukinzani ulipanda sana tabaka za kisumaku zilipoelekea pande kinyume. Wengine waliotumia niobi na mchanganyiko wa nikeli na chuma nao wakapata matokeo ya namna hiyo. Vipimo vilikuwa vizuri. Ugomvi ulikuwa juu ya sababu.

Maelezo ya kwanza yalisema kwamba tabaka za kisumaku hupenyeza ndani ya supakondakta elektroni zinazoelekea upande mmoja, na zikishindwa kutokea upande wa pili hujikusanya humo na kuvunja jozi. Maelezo ya pili yalikuwa ya kawaida zaidi. Tabaka la kisumaku linapogeuza usumaku wake, haligeuki lote mara moja. Hugawanyika katika maeneo madogo madogo, na kwenye mipaka ya maeneo hayo usumaku huvuja nje. Usumaku uliovuja huingia katika supakondakta kama nyuzi nyembamba. Mkondo ukizisukuma nyuzi hizo zikatembea, ukinzani huzaliwa. Kwa maelezo haya, hali ya pande kinyume si sababu. Ni jambo lililotokea wakati ule ule.

Isitoshe, ilikwisha kujulikana tangu mwaka 1914, kwa majaribio ya Kamerlingh Onnes mwenyewe, kwamba uga wa sumaku wenye nguvu huiondoa hali ya supakondakta hata kama hakuna tabaka la kisumaku karibu. Basi mtafiti hana budi kupima pia utando wa supakondakta ulio peke yake, ili ajue ni kiasi gani cha badiliko kinatokana na uga wenyewe. Hana budi pia kutengeneza tabaka ambazo hazigawanyiki katika maeneo, aone kama badiliko lingalipo. Na kubadili mkondo, aone kama joto la mkondo wenyewe ndilo linalomdanganya. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha.

SEHEMU YA PILI: SOMO DARASANI

Hakuna shule ya msingi yenye heli ya kimiminiko, wala si lazima iwe nayo. Kinachoweza kuletwa darasani ni ile kazi ya kutenganisha sababu na jambo lililoambatana nayo. Somo lifuatalo limekusudiwa darasa la sita au la saba, katika vipindi viwili vinavyofuatana.

Madhumuni. Mwisho wa somo mwanafunzi aweze: (a) kuonyesha kwa jaribio kwamba joto huongeza ukinzani wa waya wa chuma, (b) kupanga jaribio la kulinganishia, (c) kutofautisha usemi "hatukuona badiliko" na usemi "hakuna badiliko".

Vifaa kwa kila kundi la wanafunzi sita. Betri mbili za tochi zilizokwisha tumika na mbili mpya, balbu ya tochi, waya wa kuunganishia, waya mwembamba wa chuma wenye urefu wa meta mbili hivi, penseli, mshumaa, saa, vipande vya karatasi vilivyo sawa, sumaku moja, na jiwe lenye ukubwa na uzito wa kukaribiana nayo. Sumaku na jiwe vifungwe na mwalimu kabla ya kipindi, kila kimoja katika karatasi ya gazeti, viandikwe namba 1 na 2. Mwalimu pekee ndiye ajuaye kilichomo.

Matayarisho. Waya wa chuma uzungushwe kwenye penseli uwe kama springi, kisha penseli itolewe. Mizunguko isigusane, la sivyo umeme utapita njia ya mkato. Springi hiyo iunganishwe katika njia moja na betri na balbu, nayo ishikizwe imara ili sumaku isiivute.

Hatua ya 1: Kipimo. Waulize watoto: "Tutajuaje kwamba balbu imefifia, na kila mtu ana macho yake?" Baada ya majadiliano, waonyeshe njia hii: karatasi hupangwa mbele ya balbu moja baada ya nyingine mpaka mwanga usionekane, kisha karatasi huhesabiwa. Idadi hiyo ndiyo kipimo. Si kipimo kikali, lakini ni bora kuliko kusema "naona kama imefifia".

Hatua ya 2: Dhana. Betri zilizotumika ziunganishwe. Kila mtoto aandike katika daftari anachotarajia sumaku ikisogezwa: mwanga utaongezeka, utapungua, au hautabadilika. Mwalimu asionyeshe kwa uso wala kwa sauti jibu analolipenda.

Hatua ya 3: Jaribio lisilo na ulinganisho. Mwalimu asogeze sumaku isiyofungwa karibu na springi kwa dakika tano, na watoto wapime kila dakika. Kwa kuwa betri zimechoka, mara nyingi idadi ya karatasi itapungua. Watoto wengi watasema kwamba sumaku imezuia umeme. Mwalimu asiwasahihishe. Aandike usemi wao ubaoni, aache nafasi mbele yake.

Hatua ya 4: Jaribio la kulinganishia. Sasa vifurushi vitumike. Mtoto mmoja ashike kifurushi umbali wa upana wa kidole kutoka kwenye springi. Wa pili atazame balbu tu, naye asikione kifurushi. Kitabu kilichosimamishwa chatosha kuwa pazia. Wa tatu aandike, wa nne atunze saa, na waliobaki wapokezane zamu. Matokeo yaandikwe katika jedwali lenye safu tatu: dakika, namba ya kifurushi, idadi ya karatasi. Kifurushi kibadilishwe mara kadhaa bila ya mtazamaji kuambiwa. Baadaye vifurushi vifunguliwe. Watoto wataona kwamba mwanga hupungua hata mbele ya jiwe. Hapo ndipo warudi ubaoni, wenyewe waufute usemi wao wa awali au waurekebishe.

Hatua ya 5: Betri mpya. Jaribio lirudiwe kwa betri mpya. Mwanga utabaki karibu vile vile kwa vifurushi vyote viwili. Watoto wataje sababu iliyokuwa imejificha.

Hatua ya 6: Sababu iliyo dhahiri. Mshumaa uwashwe chini ya springi. Mwanga wa balbu utafifia upesi. Mshumaa ukiondolewa na waya ukipoa, mwanga utarudi. Jambo hili lirudiwe mara tatu. Waulize: "Kwa nini hapa tuna haki ya kusema kwamba joto ndilo sababu?" Jibu linalotafutwa ni kwamba badiliko huja tunapoleta joto, huondoka tunapoliondoa, nalo hurudi kila tunaporudia, hali mengine yote yamebaki vile vile.

Hatua ya 7: Usemi wa mwisho. Darasa likubaliane juu ya sentensi moja ya kuandika. Wengi watapendekeza: "Sumaku haibadili ukinzani." Mwalimu asiikubali sentensi hiyo, maana si kweli. Awaongoze mpaka wafikie usemi kama huu: "Kwa vipimo vyetu hatukuona sumaku ikibadili mwanga wa balbu." Kisha awaeleze kwa maneno machache habari za Thomson mwaka 1857, na za tabaka nyembamba za mwaka 1988. Watoto wafahamu kwamba waliloshindwa kuliona wengine waliliona, kwa sababu walitumia vipimo vikali zaidi na vitu vilivyotengenezwa kwa namna nyingine.

Tahadhari. Umeme wa nyumbani usitumiwe kamwe katika somo hili. Springi iliyopashwa moto isiguswe mpaka ipoe, na mshumaa usiachwe bila mtu. Sumaku ndogo zenye nguvu zihesabiwe kabla na baada ya somo, kwani zikimezwa huhatarisha maisha ya mtoto.

SEHEMU YA TATU: MICHEZO YA KUFANANISHA NA MIPAKA YAKE

Kwa darasa linalotaka kujua zaidi, mwalimu aweza kutumia mchezo uwanjani. Watoto wawili wawili washikane migongo. Mmoja anyooshe mkono juu, mwenziwe anyooshe chini. Hizo ni jozi za supakondakta, nazo hupita uwanjani bila kizuizi. Mahali fulani wasimame mabawabu wawili wanaokabiliana, na jozi zipite katikati yao. Mabawabu wote wakiamuru "Mikono juu!", jozi hulazimika kuvunjika. Mmoja akiamuru "Juu!" na wa pili "Chini!", amri zao hushindana, na jozi huweza kuendelea.

Mchezo huu husaidia kukumbuka, lakini una hila zake, na mwalimu aziseme waziwazi. Elektroni hazina mikono, wala hazisikii amri. Jozi ya kweli haitembei kama watu wawili wanaoshikana. Jozi nyingi mno hupishana na kuingiliana mahali pamoja. Tena mchezo hauonyeshi baridi, na bila ya baridi jozi hazipo kabisa. Desturi nzuri ni kuwauliza watoto baada ya mchezo: "Ni wapi mchezo wetu unafanana na jambo lenyewe, na ni wapi haufanani?" Mfano usiowekewa mpaka hugeuka kuwa imani.

Watoto wakiuliza faida ya mambo haya, mwalimu ajibu kwa kadiri ya ukweli. Nyaya za supakondakta zilizopozwa kwa heli hutumika katika mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Ukinzani-sumaku wa tabaka za metali umetumika kusomea diski za kompyuta, na vipimo vya namna hiyo hutumika katika dira za baadhi ya simu. Swichi za supakondakta na tabaka za kisumaku zingali kazi ya maabara. Wataalamu wanatumaini kuzitumia katika kumbukumbu za kompyuta zinazofanya kazi kwenye baridi kali.

MAZOEZI KWA WANACHUO

1. Rudia hesabu ya tabaka mbili ukitumia omu 1 na omu 9 badala ya omu 1 na omu 5. Je, tofauti ya ukinzani imeongezeka au imepungua? Eleza kwa nini.

2. Mwanafunzi anasema: "Nilimwagilia mche wangu maji ya sukari, nao ukakua, basi sukari hukuza miche." Panga jaribio la kulinganishia litakalomsaidia ajisahihishe mwenyewe.

3. Katika Hatua ya 4, kwa nini mtazamaji hapaswi kujua kifurushi kilichopo? Taja kipimo kingine cha darasani ambacho matarajio ya mpimaji yanaweza kukiharibu.

4. Mtafiti anapima utando wa niobi uliowekwa kati ya tabaka mbili za nikeli, naye anaona ukinzani ukipanda anapobadili uga wa sumaku. Taja sababu tatu zinazowezekana, na kwa kila moja eleza jaribio la kulinganishia litakaloithibitisha au kuiondoa.

5. Andika maazimio ya somo la dakika 40 juu ya joto na ukinzani, ukionyesha kazi ya mwalimu na kazi ya wanafunzi katika kila hatua.

HITIMISHO

Tumeona kwamba swali la mtoto wa darasa la sita na swali la mtafiti wa tabaka nyembamba ni moja: badiliko hili limeletwa na nini? Mtafiti hulijibu kwa kupima utando wenye tabaka la kisumaku na utando usio nalo. Mtoto hulijibu kwa kifurushi chenye sumaku na kifurushi chenye jiwe. Mwalimu asiogope somo ambalo mwisho wake ni "hatukuona tofauti". Somo kama hilo likiendeshwa vema, mtoto hutoka akijua kiasi cha anachokijua na mahali kinapokomea. Tunawasihi wanachuo walijaribu somo hili wao kwa wao chuoni, kwa betri zilizochoka na kwa betri mpya, kabla ya kulipeleka kwenye mazoezi ya kufundisha. Kwani kasoro za vifaa hudhihirika mikononi, wala si katika karatasi.